Diti Moja Ikipotea Ushahamia Saudia: Vile Utapanga Padeli ya Morse na Mali ya Mwakirunge

Wasee, tuanze na mtihani mdogo. Sema kwa mdomo, haraka haraka: di-di-di-di-dit. Hiyo ni namba 5 kwa Morse. Sasa ongeza daa-daa-di-dit. Hiyo ni herufi Z. Umesema 5Z, na msee yeyote wa redio ya ridhaa, awe Japani ama Brazili, akiskia hivyo anajua huyu anaita kutoka Kenya. Stesheni za ridhaa za hapa kwetu huanza na 5Z4.

Rudia tena, lakini sai sema nne badala ya tano: di-di-di-dit. Nne ni H. Na HZ ni Saudi Arabia. Manze, umepoteza diti moja tu, kitu ya sekunde 0.06, na umetoka Kisauni ukafika Jeddah bila viza. Ukiangusha moja kwa Z nayo inageuka G, na 5G kwa vitabu vya redio ni Moroko, si ile ya simu yako.

Ndio maana nataka tuongee kuhusu kakifaa ka mezani ambako watu wengi wananunua, wanachomeka, halafu hawakagusi tena. Padeli. Watu wanadhani wakikosea Morse shida ni kichwa. Mara nyingi shida ni skrubu.

Kwanza tuelewane. Ile kitu ya kugonga juu-chini unaona kwa filamu za vita inaitwa kitufe cha kawaida. Urefu wa kila mlio unaupima mwenyewe na mkono. Padeli ni tofauti. Ina vijiti viwili vimesimama kama mlango wa saluni, unavisukuma kutoka pembeni. Kidole gumba kikibonyeza, zinatoka diti, zile fupi. Kidole cha shahada kikibonyeza, zinatoka daa, zile ndefu. Urefu haupimi wewe, unapimwa na kisakiti kidogo kinaitwa keya, ambacho siku hizi kiko ndani ya redio nyingi tayari. Daa moja ni diti tatu, nafasi kati ya milio ni diti moja, kati ya herufi ni tatu, kati ya maneno ni saba. Ukituma maneno 20 kwa dakika, diti moja ni milisekunde 60. Ukibonyeza vijiti vyote viwili pamoja, keya inapokezana yenyewe: daa-di-daa-dit. Hiyo ni C, na umeifinya mara moja tu. Tamu sana.

Sasa, bei. Padeli ya nguvu kutoka Italia kama Begali inaweza kukula mamia ya dola. Kuna za bei nafuu, na hizo ndizo wengi wetu tunaanza nazo: nyepesi kama kiberiti, zinateleza mezani ukizigusa, springi zake ni kama zimetolewa kwa kalamu. Hapo ndipo Mwakirunge inaingia.

Ukiwa Mombasa unajua. Tangu jaa la Kibarani lifungwe 2018, taka za kaunti zinapanda huku juu Kisauni, Mwakirunge. Kuna wasee wanaamka alfajiri kuchambua: plastiki kando, chuma kando, shaba kando. Na katikati ya hayo yote kuna kompyuta zilizokufa, UPS, stabilaiza za friji, iafoni zilizokatika waya. Hadi diski ikifika pale, inapondwa na nyundo ili aluminiamu ipimwe kwa kilo. Manze inauma. Kwa sababu ndani ya hiyo hadi diski kuna kitu mafundi wa padeli wanakitafuta duniani kote.

Fungua moja uone. Utahitaji bisibisi yenye ncha ya nyota, saizi T8 mara nyingi inatosha kwa zile kubwa za dekstopu. Kuna skrubu moja huwa imefichwa chini ya stika, usilazimishe kifuniko kabla ya kuitafuta. Ndani utaona sahani zinang'aa kama kioo, na mkono mwembamba uliokuwa unazisoma. Kule mkono unakozungukia kuna beringi. Iguse. Izungushe. Haina mchezo hata kidogo, haitikisiki juu wala pembeni, na inazunguka kama iko kwa siagi. Ilitengenezwa iweke mkono kwenye mstari mwembamba kuliko unywele, maelfu ya mara kwa dakika, miaka na miaka. Kwa kazi ya padeli hiyo ni beringi ya kifalme. Hadi diski mbili zinakupa mikono miwili, yaani vijiti viwili. Ukipata moja tu, tengeneza padeli ya kijiti kimoja kinachoenda kulia na kushoto. Hutafinya, lakini ina makosa machache zaidi, na kwa anayeanza mimi ningeanza na hiyo.

Hapo pembeni kuna sumaku mbili zilizopinda kama ndizi, zimebandikwa kwa bamba za chuma. Chunga vidole. Zikikutana na ngozi iko katikati, utaimba. Na zinavunjika kama sahani, kwa hivyo usizipige. Zile hadi diski ndogo za laptopu nazo, sahani zake mara nyingi ni kioo; ukiponda zinatawanyika vipande vidogo hadi kwa macho. Usiponde, fungua.

Kabla hujakimbia huko juu, nikuambie. Usiende kuchimba mwenyewe na sandozi. Pale kuna sindano, kuna vioo, kuna moto unaowaka chini kwa chini na moshi wa plastiki ambao si wa kuvuta. Wasee wanaofanya hiyo kazi wanajua wapi pa kukanyaga. Ongea nao. Waambie unataka hadi diski nzima, si zilizopondwa, na uwalipe zaidi ya bei ya kilo, kwa sababu wewe hununui uzito, unanunua beringi. Hiyo tofauti kidogo ndiyo inafanya mtu aweke nyundo chini. Na ukinunua brasi ama shaba kwa skrepa, uliza imetoka wapi. Januari 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya vyuma chakavu nchi nzima kwa sababu ya nyaya na transfoma zilizokuwa zikiibwa, na mpaka leo muuzaji lazima awe na leseni. Hutaki padeli yako iwe ni kipande cha stima ya jirani.

Haya, kujenga nitapita haraka, kwa sababu kila mtu ana vifaa vyake. Msingi lazima uwe mzito, kama kilo moja hivi. Jiwe la mizani la zamani, lile la chuma la kilo moja, linafanya kazi poa, na chini yake bandika raba ya chubu ya baiskeli ndio isiteleze. Juu yake weka kipande cha ubao wa plastiki wa kukatia mboga, kwa sababu chuma kinapitisha umeme na hutaki diti na daa zikutane huko chini. Beringi unazifunga kwa huo ubao na skrubu ipitayo katikati. Kwa pointi, yaani pale vyuma vinapogusana, fungua rilei kwa stabilaiza ama UPS iliyokufa, ile kitu inalia "tik". Ndani kuna vidoti vidogo vyenye fedha, vimebanwa kwa kibamba chembamba. Funga kibamba hicho kwa kijiti chako. Upande wa pili weka skrubu ya brasi yenye uzi mwembamba, ipite kwa nguzo, na ncha yake uilainishe iwe bapa.

Kosa moja linawashika karibu wote: wanaacha umeme upite kwa beringi. Beringi ina mafuta na vigololi, ikizunguka inapitisha, inakataa, inapitisha, na wewe unabaki ukilaumu redio. Lehemu waya laini kwenye kile kibamba cha pointi, uupeleke moja kwa moja kwa graundi. Kwa pini ya stereo, ile ya iafoni, kawaida ncha ni diti, pete ya katikati ni daa, na shina ni graundi.

Sasa tufike kwa kazi yenyewe. Hata kama padeli yako ni ya dukani na hujatoa jasho Mwakirunge, hapa ndipo unafaa kukaa nayo jioni nzima.

Anza na usafi. Mombasa tuna chumvi hewani. Ukiacha padeli karibu na dirisha linaloangalia bahari, baada ya wiki chache pointi zinashika ukungu mweusi na milio inaanza kukwaruza. Usichukue msasa. Usichukue tupa. Hiyo fedha ama dhahabu juu ya pointi ni nyembamba sana, ukiikwangua mara moja umebaki na chuma tupu kinachoshika kutu haraka zaidi. Chukua karatasi safi ya kawaida, kata ukanda mwembamba, uweke katikati ya pointi, zibane taratibu na uvute. Karatasi itatoka na mstari mweusi. Rudia na sehemu safi mpaka itoke nyeupe. Ukimaliza kutumia padeli, ifunike hata na kopo la aiskrimu.

Pili, mchezo wa kijiti. Kama si beringi za hadi diski bali ni zile ncha mbili za skrubu, kaza mpaka kijiti kianze kuwa kizito, halafu rudisha nyuma kidogo tu, kiasi cha pumzi. Kijiti kiende chenyewe lakini kisitikisike juu na chini. Kikitikisika, pointi zinagusana mahali tofauti kila mara, na hakuna kitu utapanga baadaye kitakachokaa.

Tatu ni nafasi, na hapa ndipo Saudia inaanzia. Mafundi wa magari wana zile bamba nyembamba za kupimia plagi, fila. Huna? Karatasi ya fotokopi ya gramu 80 ina unene wa kama milimita 0.1. Kunja mara moja, una 0.2. Anza hapo. Weka karatasi iliyokunjwa katikati ya pointi, kaza skrubu mpaka karatasi ishikwe kidogo, funga nati ya kuizuia, halafu toa karatasi. Fanya upande wa pili vilevile. Jua kuwa nati ikikazwa, skrubu huwa inasogea kidogo, kwa hivyo pima tena baada ya kukaza. Wengi hawapimi tena. Halafu wanashangaa kwa nini upande wa daa unachelewa.

Nafasi ikiwa kubwa, kidole kinasafiri mbali, na kwa kasi diti ya mwisho haifiki. 5 inakuwa H. Namba 4, ambayo ni di-di-di-di-daa, inakuwa V. Nafasi ikiwa ndogo kupita kiasi, mtetemo wa meza ama mkono ukipumzika tu unatosha kugusanisha pointi, na unapata diti ambazo hukuziita. Usiige kipimo cha mtu aliye na miaka 30 kwa Morse. Mkono wake unatua kama kipepeo, wako bado unatua kama mjusi kutoka darini.

Nne ni nguvu ya kurudisha, na hii ndiyo sehemu ninayoipenda. Springi na sumaku hazifanani hata kidogo mkononi. Springi, kadiri unavyoisukuma ndivyo inavyozidi kukataa. Sumaku inayovuta ni kinyume: inashika kijiti kwa nguvu zaidi kikiwa kimetulia, halafu kikiachia tu, nguvu inashuka. Unahisi kama kitu kimekatika, "tak", na kidole kinajua kimefika bila macho kuangalia. Watu wengi wakihamia sumaku hawarudi kwa springi.

Lakini sumaku ya hadi diski ni kali mno kwa kazi hii, na ina ujanja: upande mmoja wa ndizi ni kaskazini na upande mwingine ni kusini, zote kwa uso mmoja. Ukijaribu kuzifanya zisukumane, zitapinda njia ya kijiti. Tumia kuvuta. Funga sumaku kwa nguzo, weka kiskrubu cha chuma kwa kijiti mkabala nayo, na upange umbali kwa kukikaza na kukilegeza. Ama rahisi zaidi, vunja iafoni iliyokufa. Ndani ya kila sikio kuna kisumaku cha duara kama kidonge, na hicho kinatosha. Kipimo cha kuanzia: lega kabisa, halafu ongeza nguvu kidogo kidogo mpaka kijiti kirudi chenyewe mara tu unapotoa kidole, bila kucheza-cheza. Simama hapo. Ukizidisha, baada ya nusu saa mkono unachoka na makosa yanarudi kwa mlango wa nyuma.

Sasa jaribu. Usitume jina lako, tuma 5Z4. Nimeshakuambia kwa nini: ni mtihani mkali wa diti. Tuma mara kumi kwa kasi ndogo, halafu panda. Kama ni diti ndizo zinapotea, punguza nafasi upande wa gumba. Kama zinazidi, ongeza nafasi ama nguvu ya kurudisha. Geuza skrubu moja kwa wakati mmoja, robo ya mzunguko ama chini yake, halafu tuma tena. Ukigeuza mbili pamoja hutajua ni ipi ilikusaidia.

Kuna siku utapanga kila kitu fiti na bado kuna mlio wa ziada kila ukifinya. Wachana na skrubu. Angalia keya. Kuna mitindo miwili, A na B. Kwa A, ukiachia vijiti, keya inamaliza mlio uliopo na kunyamaza. Kwa B, inaongeza mmoja wa kinyume. Ukiwa umejifunza kwa A na redio yako imewekwa B, C yako itakuwa na mkia daima, na hakuna padeli ya dunia hii itakayokutibu. Menyu ya redio, badilisha, basi. Nimeona msee akitaka kuuza padeli nzuri kwa sababu ya hiyo.

Na kama milio ya ajabu inakuja wakati wa kurusha tu, lakini kwa mazoezi iko sawa, basi mawimbi yako mwenyewe yanarudi kupitia waya wa padeli. Ile donge nyeusi kwenye waya wa monita za zamani ni feraiti. Itoe, zungushia waya wako mara tatu nne. Hiyo pia iko Mwakirunge, bure kabisa.

Kuhusu sheria, bila longo longo: kurusha hewani unahitaji leseni ya Mamlaka ya Mawasiliano, CA. Kuhusu Morse yenyewe, mkutano wa ITU wa 2003 uliondoa ile lazima ya kimataifa ya kufanyiwa mtihani wake na kuiachia kila nchi, na meli nazo zilihama rasmi kwenda mitambo mipya mwaka 1999. Watu wakasema Morse imekwisha. Haijaisha, kwa sababu redio ndogo ya wati chache ikitumia Morse inasikika mahali ambapo sauti imeshazama kwa kelele. Siku minara ya simu ikilala, hiyo tofauti si ya kujifurahisha tena.

Kufanya mazoezi chumbani hakuhitaji leseni. Chukua mausi ya zamani, fungua, lehemu waya za padeli kwenye swichi zake mbili: kushoto diti, kulia daa. Kwanza hakikisha na multimita kuwa swichi zote mbili zinashiriki graundi moja, nyingi ziko hivyo. Kuna programu za mazoezi za Morse zinazokubali mibofyo ya mausi, na papo hapo kompyuta inakuonyesha ulichotuma, si ulichodhani umetuma.

Ukizoea, tafuta redio ya mawimbi mafupi, hata zile za kusikiliza kupitia intaneti, uende megahezi 14.100 kwa Morse. Hapo kuna mtandao wa stesheni 18 za mlio zilizotawanyika duniani, zinapokezana sekunde 10 kila moja, na zamu ya kila moja inarudi baada ya dakika 3. Ya Kenya inaitwa 5Z4B. Inatuma jina lake kwa kasi ya maneno 22 kwa dakika, halafu milio minne mirefu ya sekunde moja moja, ya kwanza kwa wati 100, kisha 10, kisha 1, ya mwisho kwa wati 0.1. Zamu yake ikifika na ikiwa hewani, rekodi kwa simu. Ndani ya jina hilo kuna diti 14 na daa 4. Halafu kaa na padeli yako, weka keya kwa 22, tuma jina hilo hilo, uzicheze zote mbili moja baada ya nyingine. Hesabu diti. Zikifika 13, rudi kwa ile karatasi.